Sauti ya Kwetu Masikioni mwa Askari: Redio na Muziki Wakati wa Vita ya 1939–1945

Tukizungumza juu ya muziki wa kwetu, tunazoea kuanza na ngoma za kijijini, kiisha tunaruka moja kwa moja mpaka gitaa la mjini. Katikati tunaacha shimo. Ndani ya shimo hilo kuna vita kubwa ya 1939–1945, na kuna wazee wetu wa Force Publique waliopelekwa mbali na inchi yao. Majina ya mapigano tumeyasoma shuleni: Asosa, Gambela, Saio. Lakini kuna swali moja ambalo hakuna mwalimu aliyetuuliza: jioni, kazi ikiisha, askari yule alisikiliza nini?

Wengine watasema hilo ni swali la mchezo tu. Sivyo. Serikali kubwa za wakati ule ziliona ni jambo la vita kabisa, zikalitolea pesa, mitambo na watu. Katika makala hii tunataka kuonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza: wakubwa wa vita walijua kwamba askari asiyesikia sauti ya kwao anachoka moyo mbele ya kuchoka mwili. La pili: si kila askari alihesabiwa kuwa mtu mwenye kwao. Ukitaka kujua nani alihesabiwa mtoto wa nyumba na nani alihesabiwa mtumishi tu, angalia nani alipigiwa muziki wake, katika lugha yake.

1. Waingereza wanajifunza

Vita ilipoanza, mwezi wa 9 wa 1939, redio ya Uingereza, BBC, iliunganisha vipindi vyake vyote kuwa kimoja. Watu walipewa habari, hotuba, na muziki wa kinanda mwingi. Wakati huo askari wa Uingereza walikuwa wamekwisha vuka bahari na kukaa Ufaransa. Baridi ilikuwa kali, mapigano yalikuwa bado, na kazi yao kubwa ilikuwa kungoja. Siku ya Mungu BBC ilikuwa na vipindi vizito vya dini na mafundisho. Basi askari walifanya nini? Waligeuza kitufe, wakatafuta stesheni nyingine. Walisikiliza kituo cha Fécamp, kule pwani ya Ufaransa, ambacho kiliwapigia muziki wa kucheza.

Hapo wakubwa waliamka. Tarehe 7 Januari 1940 BBC ilianzisha kipindi cha pekee kwa ajili ya askari. Waliokipanga waliangalia kwanza namna askari anavyosikiliza. Askari hasikilizi peke yake kwenye kiti cha nyumbani. Anasikiliza katika kantini, pamoja na wenzake, kelele nyingi, vikombe vinagongana, mmoja anacheza karata, mwingine anaandika barua. Kwa hiyo kipindi kilipashwa kuwa chepesi: nyimbo fupi, vichekesho, michezo. Kumbe hata raia waliobaki nyumbani walikipenda, mpaka wengi wakakisikiliza kuliko kile cha kwao. Vita ilipokwisha, mwaka wa 1945, BBC haikurudi nyuma: iliweka kipindi cha muziki mwepesi kwa watu wote. Ndiyo kusema, sikio la askari lilibadilisha redio ya inchi nzima.

Jina linalokumbukwa sana ni la Vera Lynn. Tangu mwezi wa 11 wa 1941 alikuwa na kipindi chake, kilichofanywa kama barua ya kwenda kwa askari walio mbali. Aliimba, kiisha akasoma salamu za wake zao, ao akamtangazia askari fulani kwamba mtoto wake amezaliwa na mama yake ni salama. Kati ya wakubwa kulikuwa na walionung'unika: nyimbo za machozi zitalainisha roho ya mpiganaji! Mwaka wa 1942 BBC iliunda hata kamati ya kuzuia nyimbo zilizohesabiwa kuwa legevu. Lakini askari wenyewe hawakukubali kwamba kukumbuka mke ni kulegea. Mwaka wa 1944 Vera Lynn alisafiri mpaka Burma (Myanmar ya leo) kuwaimbia walio mstari wa mbele. Burma tutairudia, sababu huko Wakongomani pia walikuwako.

2. Wimbo mmoja, majeshi mawili

Upande wa Wajerumani kulitokea jambo la ajabu. Walipouteka mji wa Belgrade, mwaka wa 1941, walichukua kituo cha redio chenye nguvu ya kufika mpaka jangwa la Afrika ya Kaskazini, ambako jeshi lao lilikuwa linapigana na Waingereza. Kituo kilikuwa na sahani chache za muziki. Mojawapo ilikuwa wimbo ulioimbwa na Lale Andersen mwaka wa 1939, nao haukuwa umenunuliwa sana: «Lili Marleen». Ni habari ya askari anayemkumbuka msichana wake, anayesimama chini ya taa karibu na mlango wa kambi. Maneno yake yaliandikwa tangu vita ya kwanza, mwaka wa 1915.

Askari waliushika. Kituo kikawa kinaupiga kila usiku, karibu saa nne, mbele ya kufunga. Goebbels, mkubwa wa propaganda ya Hitler, hakuupenda, sababu haukuwa na ukali wa vita. Lakini hakuweza kuuzima. Na ng'ambo ya mstari, Waingereza nao walisubiri saa ile ile, wakausikiliza kwa Kijerumani, mpaka wakauchukua na kuuimba wao wenyewe. Hapa tunaona mpaka wa propaganda: serikali inachagua mtambo na mtangazaji, lakini haichagui wimbo utakaoingia moyoni.

3. Wamarekani na sahani milioni nane

Wamarekani walifanya kazi hii sawa na kiwanda. Mwezi wa 5 wa 1942 jeshi lao liliunda shirika la redio la askari. Vipindi vilirekodiwa kwenye sahani, kiisha sahani zilitumwa kwa meli na ndege mpaka kwenye vituo vidogo vya redio katika visiwa, majangwa na kambi za ulimwengu mzima.

Kipindi chao kimoja, «Command Performance», kilikuwa na mpango wa kugeuza cheo: askari wa chini njo aliyetoa amri. Aliandika barua akaomba anachotaka kusikia, na wasanii wakubwa walikuja kukitimiza bila malipo. Wengine waliomba wimbo. Wengine waliomba sauti tu: mwigizaji Carole Landis avute pumzi ndefu mbele ya maikrofoni, ao nyama isikike ikikaangwa. Msomaji asicheke haraka. Mtu aliye mbali na kwao miaka miwili hakosi hotuba. Anakosa sauti ya jikoni.

Tena kulikuwa na shida ya sahani. Tangu mwezi wa 8 wa 1942 chama cha wapigaji muziki wa Marekani kiligoma kurekodi, kikidai haki ya wanachama wake. Kwa ajili ya askari chama kilikubali kufungua mlango, kwa sharti sahani hizo zisiuzwe. Hivyo mwezi wa 10 wa 1943 zilianza kutoka sahani zilizoitwa V-Disc. Mpaka zilipokoma, mwaka wa 1949, zaidi ya milioni 8 zilikuwa zimetumwa.

4. Na askari mweusi?

Sasa tufike kwenye mfupa wa makala. Jeshi la Marekani wakati ule lilitenga weusi na weupe, kambi mbalimbali, mpaka amri ya kukomesha jambo hilo ilipotoka mwaka wa 1948. Lakini hata jeshi hilo la ubaguzi liliona kwamba askari mweusi akikosa sauti yake, hasira itapanda. Mwaka wa 1942 lilianzisha kipindi «Jubilee», cha wanamuziki weusi, Duke Ellington akiwa kati ya wa kwanza. Kipindi kizuri sana, lakini chenye shabaha mbili: kumheshimu askari mweusi, na kumtuliza asidai zaidi.

Kule London kulikuwa na Una Marson, mwandishi mwanamke wa Jamaika. BBC ilimwajiri rasmi mwaka wa 1941, akashika kipindi cha kuwaunganisha watu wa visiwa vya Karibi na vijana wao waliokuwa jeshini Uingereza. Kijana alisimama mbele ya maikrofoni, akataja jina lake, akasalimu mama yake, wadogo zake na majirani. Ng'ambo ya bahari familia ilikusanyika mbele ya redio, ikasikia kwamba mtoto yuko hai. Mwaka wa 1943 Una Marson aliingiza humo mashairi na hadithi za watu wa visiwa, na kutoka hapo wakatokea waandikaji wakubwa. Tunaona: salamu za askari zikipata mtu wa kwao wa kuzisimamia, zinazaa utamaduni.

5. Mtambo mkubwa wa Léopoldville

Turudi nyumbani. Ubelgiji ulianguka mikononi mwa Wajerumani mwezi wa 5 wa 1940. Koloni ikabaki upande wa Waingereza. Tarehe 1 Oktoba 1940 Radio Congo Belge ilianza kusema kutoka Léopoldville (Kinshasa ya leo). Mwaka wa 1943 kulifungwa mtambo wa kilowati 50, wenye nguvu ya kufika Ulaya. Kazi yake ilikuwa nzito na ya maana: kusema na Ubelgiji uliokaliwa na adui, na kuwapa moyo Wabelgiji waliotawanyika ulimwenguni. Hatuikatai heshima hiyo.

Lakini wakati huo huo, wapi walikuwa masoda wetu? Mwaka wa 1941 walikuwa wamepita Sudani, wakaingia Abisinia. Waliiteka Asosa tarehe 11 Machi, na tarehe 3 Julai jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwao huko Saio, mbele ya jenerali Gilliaert. Kiisha maelfu walipelekwa Nigeria, na kutoka huko mpaka Misri na Palestina. Mtambo wenye nguvu ya kuvuka jangwa na bahari ulikuwa umesimama katika inchi yao wenyewe. Na redio hiyo ya serikali ilianzisha vipindi vya Waafrika lini? Mwaka wa 1949. Ndiyo, ndugu wasomaji: miaka minne nyuma ya vita.

Haikuwa kwamba jambo lenyewe halikuwezekana. Pale pale Léopoldville mtu binafsi, Jean Hourdebise, alikuwa na kituo chake kidogo, Congolia, tangu 1939, nacho kilikumbuka wasikilizaji weusi. Na ng'ambo ya mpaka wa Katanga, kule Lusaka, mwaka wa 1941 ofisi ya habari chini ya Harry Franklin ilifungua kituo kidogo kilichosema lugha za wenyeji, kusudi familia zipate habari za vita ambayo watoto wao walikuwa wanapigana. Nguvu ya mtambo wa Lusaka ilikuwa kidogo kabisa ikilinganishwa na ule wa Léopoldville. Kilichokosekana kwetu hakikuwa umeme. Kilichokosekana ni wazo kwamba askari Mukongomani ana mama anayengoja salamu.

Pahali ambapo neno la wazi halifiki, uvumi njo unatawala. Mwezi wa 2 wa 1944 askari wa kambi ya Luluabourg (Kananga ya leo) waliasi. Sababu zilikuwa nyingi, na mzigo wa vita ulikuwa umewalemea watu wote, lakini moja iliyotajwa ni hofu ya chanjo: ulienea uvumi kwamba sindano ile ni sumu. Hatusemi kwamba kipindi cha redio kingeponya yote. Tunasema tu kwamba mkubwa asiyezungumza na watu wake katika lugha wanayoiamini, siku ya hatari hatasikilizwa.

Basi masoda walijiimbia wenyewe. Jeshi lilikuwa na fanfare zake, kwa ajili ya gwaride na bendera. Lakini muziki wa jioni haukutoka katika amri ya mkubwa. Ulitoka katika likembe, chombo chepesi cha msafiri kinachoingia ndani ya mfuko, na katika nyimbo za safari ambazo mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Hapo askari alikuwa redio ya mwenzake.

6. Kiswahili ndani ya msitu wa Burma

Kati ya Wakongomani waliofika mbali kuliko wote ni wale wa hospitali ya vita. Kikosi hicho cha waganga, wauguzi, madereva na wabeba machela kilipita Madagaska, kiisha kikafika Burma. Huko kilifanya kazi pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambayo mwaka wa 1944 iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua kali, matope mpaka magotini, ikaingia Kalewa mwezi wa 12.

Katika divisheni ile walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingine. Mkamba, Mganda, Mluo, Mnyamwezi: Kiswahili njo kiliwaunganisha. Si Kiswahili cha vitabu. Ni kile cha kambini, kinachofanana na chetu kwa kutojali sarufi. Majeruhi aliyelala juu ya machela aliweza kuomba maji kwa neno ambalo mtu wa mashariki ya Kongo alilifahamu.

Kwa askari hao Waingereza waliunda kikundi cha kuburudisha, chini ya kapteni Peter Colmore. Ndani yake alikuwamo Fundi Konde, kijana Mgiriama wa pwani ya Kenya aliyezaliwa mwaka wa 1924, na Paul Mwachupa. Walizunguka India, Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Burma, wakipiga gitaa na kuimba mbele ya wenzao.

Tuangalie vizuri jambo lililotendeka hapo. Nyumbani mwimbaji aliimba katika lugha ya kabila lake, kwa harusi ao kwa matanga ya watu anaowajua. Mbele ya divisheni nzima hawezi kuimba hivyo. Nusu ya watu hawatafahamu. Anapashwa kuimba Kiswahili, na habari yenyewe iwe ya kila mtu: safari, mapenzi, mshahara, kurudi. Hivyo jeshi, bila kukusudia, lilifungua njia ya wimbo wa Kiswahili usio wa kabila moja, wenye gitaa na mtindo wa kucheza. Baada ya vita baadhi ya wapigaji hao walishikamana katika bendi ya Rhino, na Fundi Konde akawa jina kubwa Nairobi.

7. Njia ya kurudi inapita Katanga

Msomaji wa Lubumbashi ao Likasi atauliza: hayo ya Kenya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Gitaa la Bosco, vidole viwili vinavyozungumza kama watu watatu, na Kiswahili chake cha Katanga, vilisafiri mbali kwa njia ya sahani na redio. Pale Élisabethville, katika komini ya Kenya, kikundi cha vijana wa JECOKE kilimtoa Édouard Masengo.

Na nani aliyewaita Masengo na Bosco Nairobi kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, waimbe katika matangazo ya biashara na kwenye jukwaa? Ni Peter Colmore, yule yule kapteni wa muziki wa askari, sasa mfanya biashara. Alikuwa amejifunza vitani kwamba gitaa na Kiswahili vinaweza kukusanya watu wa kila kabila. Wapigaji wa Kenya waliwasikiliza watu wetu kwa makini, na vidole vya Katanga vikaacha alama katika gitaa la Nairobi. Shimo tulilolitaja mwanzoni halikuwa tupu, basi. Kati ya ngoma ya kijiji na gitaa la mjini kulikuwa na kambi ya askari.

Neno la mwisho

BBC yenyewe ilianza matangazo ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957 tu, miaka 12 nyuma ya vita. Wazee waliopigana walikuwa wamekwisha rudi mashambani, migodini na relini. Wengi hawakuulizwa kitu. Mwezi wa 6 wa 1992 ao 2002 wangalikuwako wa kutosha wa kutueleza. Mwezi wa 6 wa 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha nishani mzee Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100, aliyetumika Burma. Alikuwa wa mwisho mwisho.

Nishani ni jambo jema. Lakini ilikuja wakati mtu mmoja alipobaki, na wimbo wa watu wengi haupimwi kwa mtu mmoja. Kosa si la Wabelgiji peke yao. Sisi nasi tumekuwa na uhuru tangu 1960, tumekuwa na redio zetu, na katika kila mji kuna stesheni inayopiga muziki mchana kutwa. Mara ngapi tulimweka mzee wa vita mbele ya maikrofoni tukamwambia, «Tata, imba ile mliyoimba njiani»?

Wazee wamekwenda, lakini watoto wao wako, na wao pia wana mvi sasa. Wanajua nyimbo ambazo baba alizipiga mluzi akifuta viatu, ao akirudi usiku kutoka kwa rafiki zake wa jeshi. Siku hizi kila kijana ana telefone inayorekodi sauti. Tunaomba kila msomaji wa kitabu hiki aende kwa mtu mmoja tu wa namna hiyo, katika kata yake. Amuulize mambo matatu: baba yako alipita inchi gani, aliimba wimbo gani, na kwa lugha gani. Kiisha aandike majibu na ayalete kwenye chama. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watajua maneno ya «Lili Marleen», na hawatajua hata wimbo mmoja wa Saio.